Watu wa Ukutani kwa Bi Debora

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua marahaba yako huwa ndefu, na nyuma yake hufuata maswali: nimekula nini, nimelala wapi, na mbona nimekonda. Sijakonda, Shangazi. Nimenenepa mpaka viatu vyangu vya kazini vimeanza kunilalamikia. Nimekaa barazani kwako hapa Shela, Malindi, na asubuhi hii nilipita mbele ya kile chumba ulichokuwa ukipangisha, nikasimama mlangoni, nikacheka peke yangu hadi jirani akachungulia kuona nimepatwa na nini. Ndipo nikasema nikuandikie, ingawa miaka mingi imepita tangu tukuzike na posta haifiki uliko.

Nataka tukumbushane ule mwaka wa Bi Debora, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaenda Lamu kwa Baba kungoja matokeo, na matokeo yalipotoka nikaitwa chuoni Mombasa kusomea upimaji wa ardhi. Baba, kaka yako, mtu asiyependa ubishi hata na paka, aliisoma barua ya chuo, akaikunja, akanirudishia. "Shangazi yako ndiye aliyekulea," alisema. "Akikubali, miye sina neno. Akikataa, usije kwangu kulia." Nikafika Malindi mwezi wa Aprili, barua mfukoni na roho mkononi.

Nilikukuta ukishona kofia, sindano mdomoni, uzi mweupe umeuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu. Kofia zako zilikuwa na sifa mpaka Mombasa, na wakati wa kushona ndio uliokuwa wakati mbaya zaidi wa kukuomba kitu. Lakini nilikuwa mdogo na nina haraka.

"Wataka kusomea nini?"

"Upimaji wa ardhi, Shangazi."

"Kwani hiyo ardhi imefanya nini hata ipimwe?"

Nikakueleza: mipaka, ramani, mashamba ya watu, barabara. Ukasikiliza bila kuinua uso.

"Na huko maporini unakwenda na nani?"

"Na wapimaji wenzangu."

"Wanaume."

"Wengi wao, ndiyo."

Ukauma uzi, ukaukata. "Tutasema," ukasema. Niliijua hiyo "tutasema" yako. Ilikuwa ndiyo namna yako ya kukataa bila kugombana na mtu. Uliwaambia hivyo hivyo wachumba wawili waliotaka kukuoa baada ya kufiwa na mumeo, na hadi leo hawajajibiwa. Chuo kingefunguliwa Septemba. Nikajipa moyo kwamba kuna miezi kadhaa, na nikaingia jikoni kuosha vyombo kwa bidii ambayo haikukudanganya hata kidogo.

Bi Debora alikuwa amefika Januari, nikiwa Lamu. Alikuwa Mmarekani, mwalimu wa hesabu wa kujitolea, kijana bado, mrefu, mwenye nywele rangi ya mahindi mabivu na pua iliyokuwa ikichubuka juani kila wiki. Ulimkodisha chumba cha mbele na tayari ulikuwa umeshamtawala. Ulimfundisha kufunga leso, kula mahamri na mbaazi kwa mkono, na kuvua viatu mlangoni. Naye alikupenda. Jioni akirudi shuleni alikuwa akikaa hapa barazani akikutazama unashona, mkizungumza kwa Kiswahili chake cha vipande vipande, wewe ukijaza mapengo.

Nilipokuwa bado sijamaliza siku mbili nyumbani, nikakusikia ukimsimulia Bi Zuhura wa nyumba ya pili habari za ukoo wa mpangaji wako. Uliongea kwa fahari kama mtu anayesifia wakwe. Ami yake Debora alikuwa mpiga tarumbeta mkubwa, Mwafrika kama sisi, maana kule Amerika watu wamechanganyika. Shangazi yake aliwahi kuwa meya. Alikuwa na babu mwenye kipara aliyetengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Alikuwa na mama mdogo aliyejenga madaraja. Bi Zuhura alikuwa akitikisa kichwa. "Na mtoto wa watu kama hao aja kukaa kwetu, na hana makuu," alisema.

Nikaona ajabu. Nikaenda kugonga kwa Bi Debora, akanikaribisha, nikaona ukuta. Alikuwa amebandika picha kubwa za watu, safu mbili, juu ya kitanda. Nikasogea nikasoma maandishi yaliyokuwa chini yake. Zilikuwa kurasa za kalenda ya mwaka uliopita, kalenda iliyotolewa na maktaba ya mji wao, kila mwezi na mtu mmoja mashuhuri aliyezaliwa hapo, na maelezo mafupi ya maisha yake na kazi yake. Ulikuwa mji wa ndani kabisa ya Amerika, mbali na bahari, wa viwanda na mto, ambao hata ramani kubwa ya shule yetu haikujisumbua kuuandika. Mama yake alimtumia kalenda hiyo apate kukumbuka nyumbani. Kwa kuwa ukuta ulikuwa mtupu, Debora akazikata kurasa akazibandika zote.

"Unawajua watu hawa?" nikamuuliza kwa Kiingereza.

"Hata mmoja," akasema. "Huyu mwenye kipara kuna shule imepewa jina lake."

Shangazi, nilikuja mbio kukuambia. Ulikuwa ukipeta mchele.

"Wale si jamaa zake," nikasema.

"Nani alokwambia?"

"Mwenyewe. Ni watu mashuhuri wa mji wao. Ni kalenda."

Ukaweka ungo chini. "Rukia, mtu hutundika nani chumbani mwake? Wazee wake. Kuna mtu ataka kulala na kuamka atazamwa na watu asiowajua?"

"Lakini Shangazi..."

"Na miye namuuliza kila asubuhi. Namwambia, mzee wa tarumbeta hajambo? Aniambia hajambo. Yule mwenye kipara hajambo? Hajambo. Mtu aulizwe hali ya watu wake, ajibu, nao si watu wake? Mtoto yule hana tabia hiyo."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa miezi mitatu ulikuwa ukisimama mlangoni pake na ufagio, ukiwapitia wale watu mmoja mmoja kwa salamu, kama inavyostahili kwa mtu aliye mbali na kwao, naye maskini, ambaye alifundishwa kwamba salamu za pwani ni ndefu na jibu lake ni "hajambo", akajibu "hajambo" mpaka mwisho wa safu. Alidhani ndivyo mnavyosalimiana. Kwa kweli ndivyo tunavyosalimiana.

Nilimwambia Debora. Akacheka mpaka akakaa kitandani, kisha akaona haya, akasema lazima akueleze mwenyewe, tena kwa Kiswahili, maana alikuwa anajivunia Kiswahili chake. Akakuita chumbani. Ukaingia, ukajifunga leso vizuri kwa heshima ya wenyewe waliokuwa ukutani. Naye akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Shangazi, huyu alikufa," akasema, akimwonyesha mpiga tarumbeta. "Huyu alikufa. Huyu yuko hai. Huyu alikufa zamani. Huyu alikufa. Huyu pia."

Nilikutazama uso. Ulishika fremu ya mlango. "Inna lillahi," ukasema kwa sauti ndogo, ukamshika Debora shavu kwa kiganja chako chenye harufu ya mchele, ukatoka. Bi Debora akanigeukia ameridhika. Alidhani ameeleza vizuri. Mimi nikadhani hivyo hivyo, na nikaenda sokoni bila wasiwasi.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nilirudi nyumbani nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni hadi barabarani. Ndani mikeka imetandikwa, dele la kahawa liko motoni, tende ziko kwenye sinia. Wanawake wa mtaa wote walikuwa wamekaa kimya, leso zimefunika vichwa. Nikafikiri Baba amekufa Lamu. Ukaniona, ukaja kunishika mkono, ukaninong'oneza:

"Mtoto wa watu amefiwa na nusu ya ukoo, na yuko nyumbani mwangu, na hakuna aliyemwambia pole. Miezi mitatu aniambia hawajambo asinitie simanzi. Ona subira ile. Hatuwezi kumsomea hitima, si dini yake, lakini jirani huhaniwa."

Kabla sijakueleza, Debora akatokea mlangoni na daftari za wanafunzi kwapani, pua imechubuka, akawaona. Wanawake wakainuka. Mmoja baada ya mmoja wakamshika mkono, wakambusu kichwa, wakamwambia "Pole, mwanangu. Mungu akupe subira." Bi Zuhura alikuwa analia kweli kweli, yule ambaye hulia hata akikatwa kucha. Debora alipokea pole zote akiwa ameduwaa, akisema "Asante, asante", kisha akanikaribia akaniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyekufa.

"Ni watu wako wa ukutani," nikamwambia.

Ilibidi niseme mbele ya wote. Nikasema ile ni kalenda, na wale ni watu mashuhuri wa mji wao, na Bi Debora hajapata kukutana na hata mmoja, na wengine walikufa kabla hata yeye mwenyewe hajazaliwa. Nikakuona umesimama katikati ya mkeka na dele mkononi, huku ukipanga upya mambo yote kichwani mwako tangu Januari.

Bi Zuhura ndiye aliyetangulia kusema. Alijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Yaani," akasema polepole, "nimemlilia kipara wa watu?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni wewe. Ukaweka dele chini usije ukalimwaga, ukakaa, ukajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Wanawake wakaangukiana. Kuna aliyesema sasa na yeye ataka kumlilia mzee wa tarumbeta vizuri, maana alikuwa mzuri wa sura. Debora naye alicheka, alicheka kuliko wote, akikaa pale chini kati yenu na leso yake imefunguka. Kisha katikati ya kicheko akaanza kulia. Tulichelewa kujua kwamba kicheko kimekwisha.

Ukamsogelea. "Nini, mwanangu?"

"Baba yangu alikufa," akasema kwa Kiswahili, na alikisema vizuri. "Mwaka jana. Hayuko kwenye kalenda."

Alikuwa hajamwambia mtu Malindi nzima. Alitueleza, mimi nikifasiri alipokwama, kwamba baba yake alikufa ghafla, akazikwa asubuhi, na mchana watu wakarudi makazini mwao. Walituma kadi. Mama yake alizipanga juu ya kabati. Yeye akajaza fomu za kuja Afrika. Tangu hapo hakuna mtu aliyekaa naye chini akamwambia pole mpaka leo, na leo pole zenyewe zilikuwa za mpiga tarumbeta.

"Alikuwa akifanya kazi gani?" ukamuuliza.

"Fundi wa mabomba. Wa mji. Alichimba barabara na kuweka mabomba ya maji."

"Miaka mingi?"

"Tangu kijana."

Ukawageukia wanawake. "Basi mji ule wote ulikunywa maji ya mkono wake," ukasema. "Hao wa ukutani pia walikunywa. Kaeni."

Wakakaa. Mkaanza upya, safari hii kwa marehemu halisi, na kahawa ikamiminwa, chungu kama inavyotakiwa. Debora akasimulia habari za baba yake hadi magharibi: alivyokuwa akipiga mluzi, alivyoungua mikono, alivyokuwa akisimamisha gari barabarani kumwonyesha mtoto wake mahali ambapo bomba lake limepita chini. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kupika. Kesho yake Debora alitoa kwenye sanduku picha ndogo ya baba yake, mtu mwenye masikio makubwa, na wewe mwenyewe ukaibandika ukutani, safu ya juu, karibu na meya.

Nakumbuka siku hiyo kuliko sikukuu zote za utoto wangu, Shangazi. Nilikuwa nimezoea kukuona ukiwa sahihi. Siku hiyo ulikuwa umekosea kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kosa lako likamfaa yule msichana kuliko usahihi wangu.

Baada ya hapo ukataka kuwajua vizuri wale wa ukutani. Ulisema haifai kuwasalimu watu miezi mitatu na hujui habari zao. Kila alasiri, Debora akishatoka shuleni, tuliingia chumbani kwake, wewe na kofia yako ya kushona, tukasoma mtu mmoja. Debora alisoma kwa Kiingereza, mimi nikafasiri, na wewe ukatoa hukumu. Mpiga tarumbeta alizunguka Ulaya miaka mingi; ukauliza mkewe alikuwa wapi muda wote huo. Mwenye kipara aliuza mashine zake akatajirika, kisha akatoa mali yote kujenga hospitali. Ukamsamehe kwa kuonekana mchoyo katika picha. Mcheza mpira wa rungu hukumwelewa hata kidogo. "Mtu mzima apiga mpira kwa rungu, akishapiga akimbia kurudi palepale alipotoka, na mji mzima wamshangilia," ulisema. "Haya. Kila watu na mambo yao."

Kisha tukafika kwa mama wa madaraja. Katika picha alisimama kando ya mto amevaa suruali na kofia ngumu, karatasi kubwa mkononi, nyuma yake vyuma vimeinuka. Maelezo yalisema ndiye mwanamke wa kwanza wa mji ule kusomea uhandisi, na kwamba alianza kazi kama mpimaji.

Ulisimamisha sindano. Nikafasiri hilo neno bila kulikazia, Mungu shahidi. Lakini ulinitazama.

"Mpimaji wa nini?"

"Wa ardhi, Shangazi. Kabla ya kujenga daraja lazima ujue ardhi ilivyo."

"Na huko mtoni alikuwa akienda na nani?"

Debora akasoma tena. "Haisemi."

"Nani alikuwa akimpikia?"

"Haisemi."

"Mamake alisemaje siku alipomwambia ataka kazi hiyo? Au alikuwa na shangazi?"

Debora akainua ncha ya ukurasa pale ukutani, kana kwamba nyuma kungekuwa na kitu. Palikuwa na siku za mwezi tu. "Haisemi, Shangazi. Samahani."

"Kalenda yenu haisemi mambo ya maana," ukasema. Ulikuwa umekasirika kweli. Ukainuka ukasogea ukutani, ukatembea mbele ya safu zile mbili kama mtu anayetafuta sura ya jamaa yake sokoni. "Alizaliwa, akasoma, akajenga, akafa. Na huyu vivyo hivyo, na huyu. Hakuna aliyetoka nyumbani kwao bila mtu kumfungulia mlango. Huyo wamemwacha wapi?"

Ukarudi kwenye kofia yako, ukashona hadi mwanga ukapungua, na jioni hiyo hukula vizuri.

Sikuthubutu kukuuliza chochote. Mei ikapita, Juni ikapita. Bi Zuhura akaja na habari za kijana wa Mambrui mwenye duka la vitambaa, ukamwambia "tutasema", na mimi jikoni nikabaki nimeshika mwiko hewani, sijui nifurahi au nihuzunike, maana sasa kulikuwa na "tutasema" mbili na zote zilikuwa juu yangu.

Kisha asubuhi moja ya Julai uliniita barazani. Ulikuwa na uzi mkononi.

"Simama hapa. Inua mikono."

Ukanizungushia uzi kiunoni, ukatia fundo. Ukanipima nyonga, ukatia fundo. Ukapiga goti, ukapima kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, ukanigeuza kama gunia.

"Shangazi, wanishonea nini?"

"Suruali. Pana, isikubane. Na juu yake koti la magotini. Sitaki mtoto wangu akwame na buibui lake kwenye miiba, watu waseme kwao hawana akili."

Nilianza kulia nikiwa bado nimeinua mikono. Ukanipiga kofi dogo la mguu nitulie usije ukakosea kipimo. "Unapotikisika hivyo, ndivyo utakavyopima mashamba ya watu?" ukasema, na nikaona na wewe macho yamekujaa, ingawa ulijifanya unatafuta mkasi.

Ulinipeleka Mombasa mwenyewe. Ulimtaka mkuu wa chuo atoke ofisini, ukamuuliza mambo yote ambayo kalenda haikusema: nitakwenda porini na nani, nitakula nini, nitalala wapi, na ni nani mwanamke mkubwa wa kumwendea nikipatwa na jambo. Mkuu wa chuo, mtu wa bara, alizoea wazazi wanaouliza karo peke yake. Alijibu yote, amesimama. Mwisho akakuita Mama, na wewe ukamsahihisha: "Shangazi."

Bi Debora alirudi kwao mwisho wa mwaka uliofuata. Alitaka kuzibandua zile picha, ukamkataza. Akamchukua baba yake tu. Ulimfungia na kofia mbili za kiume ulizoshona mwenyewe, ingawa hakuwa na mwanamume wa kumpa; ukasema atapata, na akipata awe tayari na kitu cha kumvisha. Alilia njia nzima hadi kituoni, na wewe ukamwambia awasalimu wote wa kule, walio hai.

Sasa nikukumbushe Ganda, Shangazi, kwa sababu ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote, na nina hakika nawe ulikuwa na furaha.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Tulikuwa tukipima mashamba huko Ganda, mimi na wenzangu, na mtu wetu wa kushika fimbo ya kupimia alikuwa Karisa, Mgiriama wa hapo hapo, mtu mpole. Karibu na adhuhuri nikaona buibui inakuja katikati ya mihogo, na nyuma yake mwanamke mwingine amebeba sufuria kichwani. Ulikuwa wewe na Bi Zuhura. Mlikuwa mmepika wali wa nazi na samaki wa kupaka wa kuwatosha watu wote kazini, mkatafuta gari, mkauliza njia hadi mkatufikia. Ukamsalimu Karisa, ukamuuliza watu wake wote, naye akakujibu kwa utulivu, mmoja mmoja, mpaka nikaanza kuona jua linapita.

Baada ya kula ukasimama mbele ya darubini yangu juu ya miguu yake mitatu.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ile fimbo yenye rangi, kazi yake nini?"

"Mtu huishika wima mahali pa kupimwa. Mimi naitazama kutoka hapa."

Ukaenda ukaichukua mkononi mwa Karisa bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Ukatembea nayo, buibui ikinasa kwenye majani, hadi pembe ya shamba aliyokuonyesha, ukaisimamisha. Karisa akakuelekeza uinyoshe. Ukainyosha. Ulikuwa umesimama kwenye jua kali, mama mzee wa Shela, kofia zako na heshima zako zote, umeshika fimbo nyekundu na nyeupe kwa mikono miwili.

Nikainama kwenye darubini. Zile za zamani zilikuwa zikipindua picha, mtu akaonekana kichwa chini na miguu juu, na sisi tulikuwa tumeshazoea. Lakini sikuwa nimewahi kukuona wewe. Ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye ardhi ya Ganda, mbingu iko chini yako, na ulikuwa unacheka.

"Waniona?" ukapaza sauti kutoka kule.

"Nakuona, Shangazi."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Basi pima."

Nikapima. Mkono wangu haukutikisika. Nikamwambia mwandishi namba, akaandika, na Karisa akagonga kigingi pale penye mguu wako, baadaye tukaweka jiwe. Katika ramani ya Ganda, Shangazi, ile inayotumiwa mpaka leo, pembe ya shamba lile ni mahali uliposimama. Nimepima mengi tangu hapo, Kilifi, Bofa, hadi huko Mtwapa ambako siku hizi kila mtu anataka kiwanja, na watu huniuliza nilianzaje. Huwa nawaambia wewe kwanza. Nawaambia jina lako kamili, na jina la mtaa wako, na kwamba ulikuwa ukishona kofia, na kwamba ulinifungulia mlango. Chuo nakitaja baadaye, wakiuliza.

Jua limefika barazani sasa na lazima niondoke. Nimefunga chumba, nimefagia ua, nimemsalimia Bi Zuhura, ambaye hasikii vizuri tena lakini bado anacheka. Lala salama, Shangazi. Sina la kukuomba, sina la kukulaumu. Nilikuwa mtoto wa furaha nyumbani mwako, na nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Mimi binti wa kakako,
uliyemlea,
Rukia